Mtazame Beki Mpira Ukiwa Mbali

Watu wengi wanaokwenda kutazama kandanda huufuata mpira kwa macho. Ukienda kulia, vichwa vyote vyageuka kulia. Ukirudi katikati, vichwa vyarudi nao. Si vibaya, maana wamelipa kiingilio ili wafurahi. Lakini wewe mwalimu wa michezo, wewe mzazi mwenye kijana hodari, na wewe uliyetumwa na klabu kutafuta wachezaji, ukimtazama beki wa kati kwa namna hiyo hutamjua kamwe. Mchezo una dakika 90, na katika hizo beki huwa na mpira miguuni kwa muda mfupi sana. Kazi yake kubwa huifanya wakati watu wote wanatazama pengine.

Jambo hili si dogo kwa nyumba zetu za Mbeya na Iringa. Kila mwaka, michezo ya UMISSETA ikipita na dirisha la usajili likikaribia, wapo vijana wa huku wanaopanda mabasi kwenda kujaribiwa na klabu kubwa. Mshambuliaji akifunga magoli mawili siku hiyo, jina lake limekwisha andikwa. Beki hana magoli ya kuonyesha. Akiifanya kazi yake vizuri kabisa, hakuna lililotokea, na yule aliyekaa pembeni na karatasi yake hana la kuandika. Ndivyo kijana mzuri anavyorudishwa nyumbani, na asiyefaa akachukuliwa kwa sababu ya kimo chake, akaacha na shule.

Na watu wa Nyanda za Juu Kusini si wageni wa mchezo huu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Prisons ya Mbeya nayo ikatwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1999. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Watu wa Iringa nao wanaukumbuka mwaka 2019, Lipuli ilipowatoa Yanga kwa mabao 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapo Samora, kabla ya kufungwa 1-0 na Azam katika fainali kule Lindi. Tena tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu, iliyokuwa nyumbani kwake Mbarali kabla ya kuhamia Singida mwaka 2024, iliikomesha Yanga iliyokuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Timu za mikoani hazina fedha za kununua wafungaji wa bei kubwa. Zikishinda, mara nyingi hushinda kwa kujua kulinda.

Basi ni nini kinachowapoteza watazamaji? Kwanza kimo. Mtu akiona kijana mrefu mwenye kifua kipana husema mara moja, "Huyu namba tano." Kimo chasaidia kwenye kona na krosi, hilo hatulikatai. Lakini Fabio Cannavaro, aliyekuwa nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya mchezaji bora, kimo chake ni kama sentimita 176 tu. Watanzania walimpenda hata jina lake wakampa Nadir Haroub, beki wa Zanzibar aliyekuwa nahodha wa Yanga. Na hapa kwetu yupo Dickson Job, aliyeiongoza Serengeti Boys katika fainali za vijana wa Afrika kule Gabon mwaka 2017, akalelewa Mtibwa Sugar, akaingia Yanga katika msimu wa 2020/21. Kwa beki wa kati, Job ni mfupi. Angepimwa kwa kamba ukutani, wengi wangemwambia aende kucheza pembeni.

Jambo la pili ni kubutua. Kijana akiupiga mpira ukavuka mstari wa kati, uwanja mzima hushangilia. Ngoja kidogo, utazame mpira umeangukia kwa nani. Ukiangukia kwa adui, huyo hakuokoa kitu, ameahirisha tu. Wapo wakati ambapo kubutua ndiyo busara, hasa dakika za mwisho na uwanja umejaa tope. Lakini beki anayebutua hata akiwa peke yake na nafasi tele amekuonyesha kwamba hajui wenzake wamesimama wapi.

La tatu ndilo linalowadanganya hata wajuzi, nalo ni kuteleza. Kijana anateleza chini kwa futi sita, anaunyakua mpira miguuni mwa mshambuliaji, nyasi zaruka, watu wanapiga makofi. Ni tendo zuri la kutazama. Lakini jiulize: alikuwa wapi sekunde tatu kabla? Aliyesimama mahali pake hana haja ya kuteleza. Atachukua hatua mbili, aweke mguu, aondoke na mpira kama mtu aliyeokota kofia yake. Ukimwona beki ameteleza mara saba katika kipindi kimoja, andika kwamba mara saba alichelewa, na kwamba siku atakapokutana na mshambuliaji mwepesi zaidi, atatoa penalti. Afadhali yule ambaye suruali yake yarudi nyumbani safi.

Sasa yafaa tuseme namna ya kutazama. Chagua kijana mmoja. Kwa dakika 20 usimwache, hata goli likifungwa upande wa pili. Jirani zako watakucheka, lakini waache wacheke.

Tazama shingo yake kwanza. Mpira ukiwa mbali, je, anageuza kichwa? Beki mzuri hutazama mpira, kisha hutazama nyuma yake, kisha hutazama tena mpira, kama dereva anayetazama kioo chake kwenye mteremko wa Kitonga. Anataka kujua mshambuliaji amesimama wapi kabla pasi haijapigwa. Yule anayeutazama mpira tu, adui atampita mgongoni, naye atashtuka akisikia kelele za watu. Hesabu, ukiweza: amegeuka mara ngapi kabla ya mpira kufika upande wake? Hilo laweza kuhesabiwa hata na mtoto wa darasa la tano.

Kisha tazama miguu na mabega. Adui anakuja mbio na mpira. Je, kijana wako amesimama wima, uso kwa uso, miguu sambamba? Basi atapitwa, maana kugeuka kwamchukua muda. Anayefaa husimama nusu upande, magoti yamekunjwa kidogo, anarudi nyuma polepole, na kumsukumia adui kule anakotaka yeye aende, yaani pembeni, mbali na goli. Haingii kwa pupa. Anangoja mpira uachane na mguu wa adui kwa hatua moja, ndipo anapoingia. Subira hii haionekani kwa mtu aliye jukwaani anayeufuata mpira. Kwake yaonekana kama uvivu.

Tazama tena hatua yake ya kurudi. Katika timu ya adui yupo mmoja anayepiga pasi ndefu. Mara tu anapoinua kichwa bila mtu kumbana, beki mwenye akili ameanza kurudi, hata kabla mguu haujagusa mpira. Akisubiri mpira uruke, amechelewa hatua tatu, na hatua tatu hazirudishwi kwa mbio. Hapa ndipo ilipo siri ya mabeki wasio na kasi kubwa ambao hata hivyo hawapitwi. Wao walianza safari mapema.

Usikilize pia. Beki wa kati ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, hivyo hana budi kusema. Simama karibu na goli, upande wa nyuma, umsikie. Anasema nini? "Panda! Kulia! Mwachie kipa! Namba sita, rudi!" Maneno mafupi, yenye jina au namba, yanayosemwa kabla ya hatari. Huyo ni kiongozi. Lakini yupo mwingine anayepiga kelele baada ya goli kuingia, akiwanyooshea wenzake kidole. Kelele zake ni nyingi kuliko za yule wa kwanza, na watu husema ana sauti ya unahodha. Sisi hatusemi hivyo. Kama wataka kujua ukweli, mwulize golikipa wake faraghani, maana golikipa ndiye anayekaa nyuma ya huyo kijana kila wiki, na hana sababu ya kumsifu bure.

Viwanja vyetu navyo vina mafunzo yake. Katika miezi ya mvua, mpira unaodunda kwenye tope hufa, na unaodunda penye kokoto huruka kama panzi. Kijana anayeuacha mpira udunde mbele ya goli lake katika kiwanja cha namna hii hajajifunza, hata kama amekulia hapo. Jambo jingine: Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa iko kama mita 1,600. Hewa ni nyepesi, na mpira mrefu huenda mbali kidogo kuliko Dar es Salaam. Kijana aliyezoea huku akishuka pwani hukutana na joto na unyevu, akahema kabla ya nusu saa. Mwenye haki hatamhukumu kwa siku ya kwanza. Ampe wiki moja angalau.

Kwa nini twasisitiza mambo madogo kama shingo na hatua moja ya kurudi? Kumbuka tarehe 21 Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika kule San-Pédro, Ivory Coast. Simon Msuva aliifungia Taifa Stars mapema dhidi ya Zambia, na Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko. Tanzania ilikuwa haijapata kushinda mchezo hata mmoja wa fainali hizo tangu mwaka 1980. Ikafika dakika ya 88, ikapigwa kona, na Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Walinzi walikuwa wamefanya kazi njema kwa dakika nyingi mno, lakini kona moja ilitosha kuuondoa ushindi. Hiyo ndiyo kazi ya beki. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, atabebwa mabegani. Beki akiokoa mara tano na kukosa mara moja, hatasahaulika kwa hiyo moja.

Wenzetu wa Marekani wana taabu hiyo hiyo, ingawa mchezo wao ni mwingine. Futiboli yao huchezwa kwa mikono kuliko miguu, na mpira wenyewe una umbo la yai. Nyuma kabisa husimama walinzi waitwao sefti, ambao kazi yao ni kuzuia hatari iliyowapita wengine wote. Kila mwaka timu 32 huchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa zamu, na iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo huanza. Kabla ya siku hiyo wale vijana hukusanywa mji wa Indianapolis wakapimwa kimo, uzito, upana wa kiganja, na mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 37. Mwaka 2022 alikuwapo sefti mmoja, Kyle Hamilton, wa Chuo cha Notre Dame. Alikimbia yadi hizo kwa sekunde 4.59, ikasemwa kwamba ni mzito wa mbio. Wenzake 13 wakachaguliwa kabla yake. Baltimore Ravens wakamchukua, na mwaka uliofuata akatajwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Kabla yake Kam Chancellor alichaguliwa mwaka 2010 baada ya wengine 132, akaja kuwa nguzo ya Seattle iliyotwaa ubingwa Februari 2014.

Hao wana saa za umeme, kamera na madaktari, na bado wanakosea. Sababu ni nyepesi: katika mbio za mita 37 hakuna mpira, wala adui, wala mwenzako aliyeacha nafasi yake. Saa yapima miguu. Haiwezi kupima kama kijana ameiona pasi kabla haijatupwa.

Ndiyo maana hatupendi majaribio ya siku moja, hasa kwa mabeki. Hukusanywa vijana 60 wasiojuana, wakagawanywa timu, wakacheza nusu saa nusu saa. Kila mmoja anataka aonekane. Winga hapigi pasi, kiungo harudi, na beki aliyezoea kucheza na mwenzake waliyekua pamoja anawekwa na mtu ambaye hata jina lake halijui. Mshambuliaji aweza kung'aa katika vurugu hiyo. Beki hawezi, kwa kuwa kazi yake ni kupanga, na vurugu haipangiki. Mwenye nia ya kweli atamfuata kijana kwao, amwone katika michezo mitatu: mmoja ambao timu yake inashinda kwa mbali, aone kama anasinzia, mmoja ambao inapigwa, aone kama anakata tamaa, na mmoja wa ugenini, mbele ya watu wanaomzomea. Akimwona akitoa goli kwa kosa lake mwenyewe, asiondoke. Dakika kumi zinazofuata zina maana kuliko saa nzima iliyotangulia.

Liko na jambo la umri, nalo tulitaje wazi. Kijana aliyekomaa mapema, mwenye ndevu akiwa na miaka 15, atawabeba wenzake kama magunia. Akifika miaka 19 wote wamemfikia, na hajajifunza lolote ila kusukuma. Huyo ni wa kweli. Wa uongo ni yule aliyepunguziwa miaka. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kosa la umri wa mchezaji, na tangu mwaka 2009 FIFA hupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la umri huo. Mzazi anayekubali cheti kibadilishwe ajue kwamba mfupa hausomi cheti.

Tena, nyinyi akina mama mwaweza kuuliza juu ya kichwa. Beki hupiga mipira mingi kwa kichwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walionyesha kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa nchi hiyo walikufa kwa maradhi ya kudhoofika ubongo mara tatu na nusu zaidi kuliko watu wengine. Mwaka 2021 wakaeleza zaidi: kwa mabeki hatari ilikuwa karibu mara tano, na kwa magolikipa haikuwazidi sana watu wa kawaida. Uingereza, tangu Februari 2020, watoto wa shule za msingi hushauriwa wasifundishwe mpira wa kichwa mazoezini. Mwalimu anayewapanga watoto wa miaka tisa wapige vichwa 50 kila jioni aache. Wafundishwe kusimama mahali pao. Kichwa kitakuja kwa wakati wake.

Tuseme basi kijana ameonekana, na mgeni amefika nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Natoka Dar es Salaam, klabuni. Kijana wako tumempenda sana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Mmempenda kwa lipi?"

Swali hilo la mzee ni zuri kuliko yote. Mgeni akijibu, "Ana mwili, mzee, ana mwili," mpe chai na umshukuru, maana hakuona kitu. Akijibu kwamba siku ile mwenzake wa kulia alipopanda na kupoteza mpira, kijana hakumkimbilia adui, bali aliziba katikati na kumwita namba sita arudi, basi ametazama. Huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Na mazungumzo yawe ya maandishi. Kwa kanuni za FIFA, kijana aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya umri huo kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayesema, "Nitampeleka Ulaya akiwa na miaka 16," mwombe akuonyeshe sababu hiyo. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa Novemba. Iandikwe nani atamrudisha shuleni, na lini.

Klabu ya kijijini nayo isiseme haina chake. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Akiuzwa kwa shilingi milioni 200, fungu hilo ni milioni 10. Klabu iliyokuwa naye tangu miaka 12 hadi 15 hupata milioni 2 kati ya hizo. Ikiwa ilikaa naye pia akiwa na miaka 16 na 17, huongezewa milioni 2 nyingine. Fedha hizo zatosha kununua mipira, nyavu na viatu kwa misimu kadhaa. Lakini hulipwa klabu iliyomsajili tu, yenye karatasi za kuonyesha. Aliyechezeshwa miaka sita bila kusajiliwa, kwa kanuni hizo ni kama hakuwapo.

Mwisho ulizeni atalala wapi, na nani mwenye nyumba. Nauli ya kwenda, wageni hao hutoa kwa furaha. Ya kurudi ilipwe siku hiyo hiyo, ikabidhiwe mama yake, kabla kijana hajapanda basi.